Vilele Viwili Kwenye Karatasi

Waliokuwepo chumbani hospitalini siku dada yetu alipofariki ni mume wake, mama yetu, watoto wake wawili, muuguzi wa zamu, fundi wa maabara aliyefanya naye kazi, na mimi mdogo wake, nikiwa na mwanangu mgongoni.

Dada yetu alizaliwa nyumbani tarehe 9 Juni 1979, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, kisha sekondari, kisha chuo kikuu, ambako mwaka 2011 alipata udaktari wa kemia, na hata siku ya kuvaa joho aliniuliza kama nimekula. Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 2004, wakajaliwa binti na mwana, na mumewe alizoea kumpelekea chakula maabara, maana kukaa kitako hakujua.

Kazi yake, tangu mwaka 2012, ilikuwa kubadilisha dawa kwa mwanga. Alinieleza kwa kutumia sweta la mwanangu, kwamba vifungo vyote vinafanana, ndivyo haidrojeni zilivyoshikamana na kaboni ndani ya dawa, naye alitaka kufungua kimoja tu, bila kugusa vingine, kwa kichocheo kinachoamshwa na taa ya bluu.

Mwezi Agosti 2024 aligundulika kuwa na uvimbe kwenye ini, na wiki ya mwisho hakutulia, kila mlango ukifunguliwa aliulizia majibu ya jaribio lake. Nasi, kwa kumhurumia, tulimwomba fundi aseme limefaulu. Alhamisi tarehe 13 Machi 2025 fundi akaja, akasema mambo safi, dada akamwambia, kaka, wewe uongo hukujaliwa, lete karatasi. Fundi akaitoa, na mchoro wa majibu ulikuwa na vilele viwili badala ya kimoja, yaani mwanga ulifungua mahali pawili. Hakutulaumu. Aliomba kalamu, mkono ukakataa, nikaandika mimi nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, kichocheo kiwe kinene zaidi, kisiweze kufika pale pa pili. Alinisahihisha mara mbili, akaniita profesa, na saa sita na robo mchana akafariki.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi aliyembeba mwanangu nilipokuwa naandika, majirani waliotuchotea maji bila kuombwa, wafanyakazi wenzake, na fundi, ambaye tulimbebesha mzigo usio wake. Dada, utulivu ulioukosa kwetu ukaupate huko uendako.

Taa ya bluu iliwashwa tena maabara Jumamosi saa nne asubuhi, majibu bado hayajatoka.