Kamba ya Bwangu

Kijiwe chetu kiko Nkwenda, ubavuni mwa duka la mbolea, na benchi lake lina miguu mitatu na tofali moja. Anayekaa upande wa tofali hatakiwi kucheka sana. Kahawa anachemsha Isihaka, ambaye babu yake alitoka Tanga na birika, akasahau kurudi. Byabato tunamwita Wakili, kwa kuwa aliwahi kuwa shahidi mahakamani, kesi ya mbuzi. Benadeta, muuza karanga, tunamwita Redio, na sababu mtaisikia wenyewe. Alhamisi mzee Ndyamukama akaja na pikapu yake, Bwangu. Kwa Kinyambo hiyo ni "haraka", jina alilolibandika miaka thelathini iliyopita, wakati yeye na gari wote walikuwa na nguvu. Akazima, akashuka, akasema mnunuzi kutoka Chonyonyo anafika saa kumi, na yeye bado hajui kama auze au asiuze. Ilikuwa saa tisa na nusu. Mimi nikawahi upande wenye mguu.

— Uuze Bwangu? Isihaka akaacha kumimina. — Mzee, umelogwa?

— Ni binti yangu Ainembabazi. Si ni nesi? Kanipima macho, kasema baba, gari basi.

— Macho yana nini?

— Hayana kitu.

— Hayana kitu! akadakia Redio. — Jumapili kakipigia honi kichuguu dakika tano kimpishe. Kilipokataa, akakitukana!

— Kilikuwa katikati ya njia.

— Kilikuwa katikati ya migomba yangu, mzee!

Tukacheka mpaka tofali likayumba. Mzee hakucheka.

— Hii ndiyo ilimpeleka mama watoto hospitali ya Nyakahanga kujifungua, akasema. — Mara nne, watoto wanne. Na mara ya tano ikamrudisha nyumbani amefunikwa shuka. Sasa mtu anaiuzaje?

Isihaka akamjazia kikombe bila kuulizwa. Iliniuma, maana mazishi yale nilikuwepo, nilikaa hapo hapo nyuma kwenye bodi. Bahati nzuri Wakili hajui kunyamaza.

— Pole sana mzee. Lakini wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Akainama kweli, akachungulia chini ya gari. — Linavuja oili.

— Methali hiyo inahusu nini hapa? nikamuuliza.

— Inahusu oili.

— Mimi nasema asiuze, Isihaka akasema. — Tatizo ni macho, si gari. Kitolewe kioo cha mbele, kiwekwe kingine chenye namba ya miwani yake.

— Na abiria mwenye macho mazima?

— Atafumba.

— Mbona hata kufumba hakuna haja, akasema Redio. — Bwangu inajua njia yenyewe. Nimeiona Jumatano inarudi kwake, mzee amesinzia.

— Sikusinzia. Nilikuwa nasali.

— Basi tatizo limekwisha, akasema Isihaka. — Awe anasali tu.

Wakili akasimama. Akisimama ujue hukumu inakuja.

— Jamani, gari ni ng'ombe. Kwetu ng'ombe akiuzwa anakwenda, lakini kamba inabaki kwa mwenyewe, ili baraka ya zizi isiondoke. Ni haki ya muuzaji. Ndiyo maana wahenga wakasema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Huyo ni kuku, Wakili.

— Kama mpaka kuku anaijua kamba, sembuse ng'ombe! Mzee auze, ila abaki na kamba.

— Sasa kamba ya gari ni ipi? mzee akauliza, na sauti yake ilikuwa na uhai.

Hapo kijiwe kikawaka.

— Ufunguo, akasema Isihaka.

— Honi! Redio akapiga paja. — Hiyo ndiyo sauti yake. Atundike ukutani, akimkumbuka marehemu anabonyeza.

— Usukani, akasema Wakili. — Ng'ombe unamwongoza kwa kamba, gari unaliongoza kwa nini?

— Na kiti changu, akasema mzee.

— Na kiti, waitu, mzee wetu. Kimeshachukua umbo lako.

— Na mlango wa kulia, nikachomekea, nami nikiwa nimenogewa. — Kiti bila mlango mtu anaanguka.

Mpaka saa kumi mzee alikuwa amebakiwa na nusu ya gari, na anatabasamu. Alishaanza kutuonyesha kwa mikono vitakavyokaa sebuleni.

Bodaboda ikasimama, akashuka yule mnunuzi, Mackrine, mfanyabiashara wa ndizi, mkoba kwapani.

— Shikamooni wazee. Na wewe tata, baba yangu, shikamoo.

— Marahaba, mwanangu.

Wakili akamsomea vitu vyote vinavyobaki, kimoja kimoja, mpaka mlango. Mackrine akasikiliza hadi mwisho, hakucheka wala hakukasirika.

— Nimeelewa, tata, akamwambia mzee. — Hata kwetu kamba inabaki. Inabaki kwa sababu zizini kuna ndama wa kufungwa kesho. Wewe, kwa hii, utamfunga nani?

Redio akahesabu karanga zake. Isihaka akainamisha birika kwenye kikombe cha mgeni, halikutoa hata tone.

Mzee akamkabidhi Mackrine ufunguo.

— Nipeleke nyumbani kwanza, akasema.

Akafungua mlango wa kulia, kwa mazoea, akaketi. Mackrine akasimama nje, mikono mbele, akamsubiri kama mtu anavyosubiri mlangoni kwa watu. Mzee akaushika usukani. Kisha akasogea kushoto taratibu, akivusha mguu mmoja juu ya gia, halafu wa pili.

— Klachi yake ina hasira, akamwambia Mackrine alipoketi. — Usiikanyage kama unaua mdudu.

— Ndiyo, tata.

Stata ikagoma. Tukanyanyuka wote kwenye benchi, tukaenda kusukuma.