Yusta Shemhilu, Fundi Aliyepiga Magari Rangi ya Maji Katikati ya Ukungu

Yusta Nathanaeli Shemhilu alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1971, katika hospitali ya Bumbuli, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Nathanaeli Shemhilu na Bi Modesta, wakulima wa chai na maharage wa Mgwashi. Alibatizwa Oktoba mwaka huohuo. Alipokuwa na miaka sita alimpaka mbuzi wa nyumbani buluu ya kufulia, kuanzia pembe hadi mkia. Baba yake alirudi shambani, akamkuta mbuzi yule amesimama uani, akauliza ni nani aliyefanya hivyo. "Shikamoo baba," Yusta alijibu. "Ni mimi. Miguu bado, buluu imeisha." Mzee Nathanaeli alicheka hadi akakaa chini, na hadithi hiyo imesimuliwa katika kila sherehe ya ukoo huu tangu siku hiyo.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1979 hadi 1985. Mwaka 1987 alijiunga na chuo cha ufundi Tanga, akachukua fani ya rangi na uandishi wa mabango, msichana pekee katika darasa lake. Alihitimu mwaka 1989. Alianza kwa kuandika majina ya maduka na mabasi Mombo, kisha gereji moja ya pale ikampa bunduki ya kupulizia rangi na bonet ya kujaribia. Jioni ile alimwambia dada yake, Evelina, kwamba brashi amewaachia wengine.

Katika gereji hiyo alikutana na Alen Singano, mnyoosha bodi kutoka Soni. Waligombana mwaka mzima, kwa sababu Yusta alikuwa akipitisha kiganja juu ya kila mlango ulionyooshwa na kuurudisha. "Bado una kilima hapa," alikuwa akimwambia. Alen alinyoosha tena. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1996, na mwaka 2001 wakafungua gereji yao Lushoto mjini, kando ya barabara ya Magamba: yeye Alen akinyoosha, Yusta akipiga rangi. Walijaliwa watoto wawili, Valentino na Jenoveva.

Miaka ile rangi zote za magari zilichanganywa na thina. Harufu yake ilikaa kwenye kitenge cha Yusta, kwenye nywele, hata kwenye mkate aliokata. Kuanzia mwaka 2010 kifua kilianza kubana, na mwaka 2012 daktari alimweleza bila kuzunguka kwamba ana pumu iliyoletwa na kazi. Aachane na thina, la sivyo mapafu hayatarudi. Familia ilikaa kikao. Evelina, aliyekuwa na shamba zuri Lukozi, alimpa sehemu ya shamba hilo.

"Lima kabichi kama watu wengine, mdogo wangu. Kabichi haina thina."

"Dada, kabichi ina rangi moja tu," Yusta alijibu. "Nitakufa kwa kuchoka macho kabla ya kifua."

Hata hivyo alikwenda Lukozi, akalima misimu mitatu, na kila aliyemtembelea alimkuta ameacha jembe na anatazama magari yanayopita. Kifua kilipata nafuu, lakini yeye mwenyewe alikuwa amezimika. Akirudi gerejini kwa wiki moja tu, anarudi na kupumua kwa filimbi. Kwa Yusta jambo lilikuwa wazi: apate njia ya kupiga rangi bila thina, au asipige rangi tena maishani.

Njia ilitokea Machi 2016. Muuza rangi mmoja wa Dar es Salaam aliita mafundi kwenye mafunzo ya siku moja ya rangi ya magari inayochanganywa na maji. Yusta alirudi Lushoto na makopo manne ndani ya kikapu, akiwa amechangamka kuliko siku ya harusi yake. Hayo ni maneno ya Alen mwenyewe. Alifungua kopo moja jikoni, akaingiza pua ndani, akavuta hewa kwa nguvu na kuitoa bila kukohoa.

"Nusa, Alen! Nusa! Hakuna kitu!"

"Maji? Mke wangu, gari si ukuta wa darasa."

"Tutaona."

Gari la kwanza lilikuwa Noah ya Saidi, dereva wa abiria wa Lushoto na Mombo, aliyetaka buluu ya metali. Ilikuwa Julai, na ukungu ulikuwa umeingia hadi ndani ya gereji. Hapo ndipo walipofanya kosa ambalo watu wa milimani tu wangeweza kulifanya. Zamani za thina hakuna aliyethubutu kusogeza moto karibu na rangi. Sasa rangi ni maji, haiwaki; basi wakaleta majiko ya mkaa, kama tunavyoyaingiza sebuleni wakati wa baridi, wakalizungushia gari. Rangi ilikauka upesi. Wakatoa majiko, wakapiga klia, lile tabaka la juu linalong'aa, na Noah ikawaka kama kioo. Saidi alishuka nayo Mombo akipiga honi kila kona.

Saa saba mchana simu ililia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Saidi. Gari vipi?"

"Mama, gari inaumwa. Imeota tetekuwanga."

Mkaa ulikuwa umekausha uso wa rangi tu, na maji yakabaki chini yakiwa yamefungiwa na klia. Kwenye baridi ya Lushoto yalitulia. Kwenye jua la Mombo yalitafuta njia ya kutoka, na bonet nzima ikajaa malengelenge. Stendi ilicheka wiki nzima. Kijana mmoja aliuliza kama Mama Valentino anauza na sabuni ya kufulia magari yake. Alen alisema basi, warudi kwenye thina, na yeye mwenyewe atapiga. Yusta alimjibu kwamba akifanya hivyo, yeye atarudi Lukozi kwa miguu na asitafutwe.

Akachukua mabati matatu ya zamani, akayapulizia rangi ileile. Moja akaliweka karibu na mkaa, jingine akaliacha hivihivi, la tatu akaliwekea feni. Asubuhi iliyofuata Alen aliyapiga klia yote, na yalipokauka Yusta akapanda nayo gari la Mombo na kuyaanika juani. Bati la mkaa lilivimba. Lile lililoachwa lilivimba kidogo. La feni lilibaki laini kabisa. Muuza rangi alikuwa amewaambia kwamba rangi hii hukaushwa na upepo, na Yusta alikiri kwamba alidhani joto na upepo ni mamoja.

Kuanzia hapo kazi ilibadilika. Majiko yalihamishiwa chumba cha nyuma, yakaukaushe ule ukungu, na feni zikavuta hewa hiyo kavu juu ya gari. Yusta alipuliza tabaka jembamba, akasubiri mng'ao wa maji ufe na rangi ifubae kabisa, ndipo akapuliza jingine. Ukungu ukiwa mzito hakupiga rangi, hata mteja akisimama mlangoni na kununa. Na kwa kuwa klia bado ilikuwa na ukali wake, aliipiga Alen, amevaa barakoa ya vichujio, huku Yusta akiwa nje ng'ambo ya barabara akimpigia kelele kupitia dirishani: "Mkono usisimame! Tembea, Alen, tembea!"

Noah ilikwanguliwa na kupigwa upya. Safari hii Yusta hakumwachia Saidi ashuke peke yake. Alikwenda naye, akaegesha gari juani Mombo, akakaa pembeni juu ya kigoda.

"Mama, unalilinda lisiote tena?" wauza vitunguu walimwuliza.

"Ninyi uzeni vitunguu."

Saa saba ikapita, saa tisa ikapita. Alipitisha kiganja juu ya bonet ile ya moto, kutoka ukingo hadi ukingo, mara nyingi mno kiasi cha Saidi kusema atamaliza rangi yenyewe. Kisha akachukua simu na kupiga kelele ambazo Alen anasema angezisikia hata bila simu: "Limekaa! Alen, limekaa! Limekaa lote!" Wauza vitunguu walipiga makofi. Yusta alicheza pale barabarani, mwanamke wa miaka arobaini na minne, na Saidi akacheza naye.

Tangu siku ile hakuna gari lililotoka gereji ile bila kwanza kushushwa Mombo na kukaa juani mchana kutwa. Wateja walikuja kutoka Korogwe, na hata Moshi. Mwaka 2017 daktari alimpima kifua, akafurahi, akamwuliza ameacha kazi lini. "Sijaacha kazi, daktari," alisema. "Nimeacha thina."

Novemba 2024 Yusta alianza kuumwa tumbo na kupungua mwili. Vipimo vilionyesha saratani ya kongosho. Swali lake la kwanza lilikuwa juu ya mapafu, na daktari akamjibu kwamba mapafu hayana tatizo. Alimwomba arudie, Alen na Evelina wasikie. Evelina alilia. Yusta alimpiga kofi dogo begani akamwambia, "Umeona? Na kabichi zako." Alifariki nyumbani kwake Lushoto asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, akiwa na miaka 53.

Siku tatu kabla, aliagiza jambo ambalo wazee wa ukoo walilipinga, kisha wakalikubali. Gerejini kuna milango miwili iliyokwanguliwa hadi bati, na kwa ukungu huu itashika kutu. Hakutaka milango ya mtu iharibike kwa sababu ya msiba wake. Hivyo familia inawatangazia wote kwamba Jumatatu, tarehe 17 Februari, gereji itafunguliwa. Jenoveva atapiga rangi.

Marehemu ameacha mume, Alen; watoto wawili, Valentino na Jenoveva; mama yake mzazi, Bi Modesta; dada yake Evelina na mdogo wake Stephano; na wajukuu watatu. Mwenyezi Mungu ampe pumziko lenye amani, na pumzi pana isiyobanwa na kitu.