Diski ya Ngoma ya Ndani

Nasra: Haloo? Nani mwenzangu?

Lucas: Dada Nasra, ni Lucas, fundi kompyuta wa Chumbageni. Habari za mchana?

Nasra: Salama. Umeshanisafishia feni?

Lucas: Feni? Kaka yako Masoud hakuniambia kusafisha. Kaniambia niipime kompyuta, niseme thamani yake.

Nasra: Thamani ya nini?

Lucas: Ya kuuzia. Yuko nje na mnunuzi. Ernesti, yule mwenye chumba cha gemu Pongwe.

Nasra: Anauza kompyuta yangu?

Lucas: Anasema kaileta yeye kutoka Maskati, kwa hiyo —

Nasra: Akanipa. Mbele ya mama. [mkwaruzo] Haloo?

Lucas: Nakusikia. Mtandao huu, dada.

Nasra: Mwambie imekufa.

Lucas: Siwezi. Nimeipima mwenyewe. Nimeipa video ya saa nzima iichakate, imemaliza kabla chai yangu haijapoa. Na haipati joto. Sijawahi kugusa mashine kama —

Nasra: Usinisifie changu kinachouzwa. Video gani?

Lucas: Niliikuta humo humo. Kwenye ile diski kubwa.

Nasra: Lucas.

Lucas: Sikujua —

Nasra: Hiyo ni ngoma ya ndani, ya wanawake watupu, harusi ya Khadija. Simu za watu zinakusanywa mlangoni, mimi peke yangu ndiye ninayeingia na kamera. Mama zetu wa Ngamiani humo wako vichwa wazi, wanacheza. Umeona?

Lucas: Mwanzo tu. Nikageuza skrini ukutani, nikabaki kusikiliza feni.

Nasra: Umemwona nani?

Lucas: Sitasema. Hata kwako.

Nasra: Ikifika Pongwe kwa hao vijana wa gemu, mimi nitapita mtaa gani?

Lucas: Ndiyo maana nimekupigia. Naweza kuzifuta video zote.

Nasra: Ukifuta umenimaliza. Harusi nyingine sijawakabidhi wenyewe, na sina nakala.

Lucas: Diski nayo ni ya kaka?

Nasra: Nilinunua mwenyewe.

Lucas: Basi naitoa. Mashine itawaka bila hiyo.

Nasra: Na mashine?

Lucas: Hapo, dada... mimi nimeitwa kupima tu.

Nasra: Itoe. Hilo kasha la kompyuta kaka na aende nalo. Diski tia mfukoni.

Lucas: Haiingii, kubwa.

Nasra: Ikalie basi, msomi wewe.

Lucas: Wanaingia. — Karibuni. Kaka Masoud, mashine ni nzima, ina nguvu kweli. Ila diski moja ni ya dada, nimeitoa.

Nasra: Nani kakutuma umwambie —

Lucas: Anauliza naongea na nani.

Nasra: Kata simu.

Lucas: Nimeshamwambia. Anaitaka simu.

Nasra: Diski iko wapi?

Lucas: Mkononi mwangu. Siiachi.

Nasra: Haya, mpe simu. [mkwaruzo] Shikamoo, kaka.