Mgongo Haukohoi

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Aliye jikoni aweke sufuria chini taratibu. Aliye dukani amwambie mteja asubiri kidogo. Leo tunamkumbuka mchoraji, na redio haina ukuta wa kutundikia picha, kwa hivyo itabidi mtege masikio. Mimi ni Tony Mogaka, niko hapa Migori mjini, na nawaambia mapema kwamba leo sikuja na sukari mkononi.

Marehemu ni Valary Akeyo Ogweno. Alizaliwa Muhuru Bay, akaolewa Homa Bay, na huko Homa Bay ndiko tulikomzika Ijumaa iliyopita. Alikuwa mchoraji wa vitabu. Kama una mtoto wa shule ya msingi, picha za Valary ziko nyumbani kwako sasa hivi, pengine zimemwagikiwa uji. Jina lake hulijui, na si kosa lako. Jina la mchoraji huwekwa ukurasa wa ndani, kwa herufi ndogo kama chawa, mahali ambapo hata mwalimu hafiki.

Mama yake alifariki Valary akiwa bado mdogo. Aliyemlea ni dada yake mkubwa, Priscah Apondi. Priscah alianika omena, wale dagaa wa ziwani, akauza omena, na kwa omena hiyo Valary akasoma. Nitarudia ili tusipotezane: Valary ni mchoraji, ndiye marehemu. Priscah ni dada yake, mama Caleb, na yuko hai.

Valary alianza kwa kuwachorea walimu wa chekechea. Alipasua magunia, akayanyoosha, akachora jogoo, ndizi, ng'ombe, mama anayechota maji. Mgeni mmoja akaliona gunia limetundikwa darasani, akalipiga picha kwa simu, akaipeleka Nairobi kwa watu wa vitabu. Wakamwita. Kuanzia hapo hakukosa kazi.

Alichora kwa nibu, ile kalamu ya chuma unayochovya kwenye wino, hata wenzake walipohamia kompyuta. Akikosea, hakuwa na raba ya kufuta wino. Alichukua wembe, akakwangua taratibu mpaka karatasi irudi nyeupe. Akiweka nibu mpya, aliijaribu kwanza kwenye karatasi yoyote iliyo karibu, mistari miwili mitatu na kamduara, ndipo aguse kazi yenyewe. Mume wake, Dishon, aliniambia kwamba nyumba nzima ilikuwa na vimistari. "Hata risiti ya stima alichorachora," alisema. "Ungeacha shati jeupe mezani, shauri yako."

Jambo moja Valary hakuliweza. Hakuweza kuchora uso wa kubuni. Kila sura aliyoichora ilikuwa ya mtu aliyemtazama kwa macho yake, na wengi walikuwa watu wa Muhuru. Daktari wa kitabu cha darasa la nne ni fundi wa mashua. Malkia wa hadithi ni mke wa pasta. Watu wa Muhuru walivipenda mno vitabu hivyo. Kitabu kipya kikifika shuleni, watu wazima walikwenda kujitafuta. Usipojiona, ulinuna. Na aliyenuna kuliko wote alikuwa Priscah. "Umechora mpaka mbuzi wa jirani," alimwambia mdogo wake. "Mimi niliyekuvalisha yunifomu, mimi ni nani?"

Basi ikaja kazi kubwa. Shirika moja la afya lilitaka bango kuhusu kifua kikuu. TB, ndiyo hiyo. Bango la rangi, la kubandikwa Migori yote na Homa Bay yote. Valary akapanda gari mpaka Muhuru, akamkalisha Priscah kwenye kiti nje ya nyumba, akamwambia, "Siku yako imefika, dada."

Picha zilikuwa mbili. Picha ya kwanza, mama anakohoa. Picha ya pili, mama huyo huyo amemeza dawa, amepona, ameshika beseni la omena, anacheka. Priscah hakuwahi kuugua TB. Narudia, na wewe uliye nyuma huko unisikie: Priscah hakuwahi kuugua TB. Alikuwa anaigiza. Aliniambia mwenyewe hapa studio, "Akasema kohoa, nikakohoa. Akasema kohoa tena, kunja shingo, shika kifua. Nilikohoa mpaka koo likauma, na majirani wanacheka, na mimi nacheka. Yaye! Nilikuwa na furaha siku hiyo."

Valary akarudi Homa Bay, akachora kwa wiki kadhaa. Kisha shirika likapiga simu. Kuta za zahanati ni ndogo, walisema. Bango moja, picha moja. Chagua.

Hapa namwachia Dishon, kwa sababu yeye alikuwepo. Maneno yake ni haya: "Aliziweka zote mbili juu ya kitanda. Akaniuliza, ipi? Nikamwambia hiyo ya kucheka, bila hata kufikiria. Akasema, 'Dishon, mtu akicheka kila mchoraji anaweza. Wewe angalia hii ya kukohoa. Angalia mkono. Angalia mishipa ya shingo.' Na kwa kweli ilikuwa kali. Ukiiangalia, unasikia kikohozi. Akapeleka hiyo."

Akapeleka hiyo. Hakulazimishwa na mtu. Alikuwa na dada anayecheka na dada anayekohoa, akampeleka anayekohoa kwa sababu mkono ulichoreka vizuri. Marehemu hasemwi vibaya, najua, nimelelewa. Lakini hilo si baya nililolitunga, ni jambo alilolifanya.

Bango likabandikwa. Zahanati, ofisi za chifu, sokoni, ufuoni mahali omena inapoanikwa. Juu maandishi mekundu: KIFUA KIKUU KINAUA. Chini yake Priscah, mkono kifuani, mishipa imemtoka.

Na nyinyi, wapendwa wangu, mkafanya kazi yenu.

Kwanza waliokuwa wakianika karibu naye wakahamisha nyavu zao, kidogo kidogo, mpaka omena ya Priscah ikabaki peke yake kwenye mchanga. Mteja wake wa Masara, aliyekuwa akichukua gunia zima kuwauzia wachimba dhahabu, akampigia simu. "Mama Caleb, usikasirike. Watu wa mgodi wanaogopa sana mambo ya kifua. Unaelewa." Priscah akahamia soko la Uriri, akidhani huko ni mbali. Alifika asubuhi, akashusha beseni, akainua kichwa. Alikuwa ukutani, anajiangalia.

Akaenda kupimwa. Akapewa karatasi inayosema hana ugonjwa. Akaitembeza kwa wateja. Mnajua mlimwambia nini? "Na kama huumwi, ulienda kupimwa kwa nini?"

Lakini lililomuua moyo ni sufuria. Wale wa pande zetu mnaelewa. Priscah ndiye aliyekuwa mkubwa wa jikoni kwenye matanga ya Muhuru yote. Yeye ndiye aliyeshika mwiko, yeye ndiye aliyesema ugali umeiva. Matanga ya kwanza baada ya bango, akafika na leso yake kiunoni, na wanawake wakamwambia kwa sauti ya upole, "Leo pumzika, Mama Caleb. Umefanya kazi miaka mingi." Matanga yaliyofuata, pumzika. Yaliyofuata tena, pumzika. Hakuna aliyemtukana. Ningependa wangemtukana.

Na hata angeugua, ingekuwa nini? TB inatibika. Bango lenyewe lilikusudiwa kusema hivyo, ile nusu ya pili. Nusu hiyo hamkuiona.

Valary alijua yote haya. Kila Priscah alipompigia simu akilia, alimpa jibu moja: "Ile ya kupona ipo, dada. Nimekutunzia. Nitaipeleka ichapishwe, watu wakuone unacheka." Akamwambia mwaka huo, na mwaka uliofuata, na mwingine. Mbona hakuipeleka? Dishon anasema bango lilimletea sifa nyingi, akaitwa semina huku na kule, kazi zikamiminika, na akaona haya kurudi kwa watu waliomsifu kuwaambia walichapisha picha isiyofaa. Mimi nasema ni woga tu. Lakini Priscah alimwamini. "Nilikuwa nalala nikijua picha yangu iko Homa Bay inanisubiri," aliniambia. "Siku moja itatoka. Hiyo ndiyo ilinifanya nisitupe beseni."

Mwaka huu Valary akaugua saratani. Ilimmaliza haraka. Ndugu walikuja, wakaomba, wakanywa chai, wakaondoka. Aliyebaki ni Priscah. Alifunga nyumba yake Muhuru, akaja Homa Bay, akamwogesha mdogo wake, akamlisha uji kwa kijiko, akamgeuza kitandani. Walicheka hata, Dishon anasema. Walikumbuka mama yao. Priscah akawa anauliza polepole, bila kumsumbua mgonjwa, "Na ile picha yangu?" Valary anajibu, "Ipo hapo kwenye meza yangu ya kazi. Nikipata nguvu kidogo."

Asubuhi moja Priscah akaamua kuisafisha ile meza ya kazi. Akapanga brashi. Akakusanya nyembe. Akainua chupa ya wino, na chini ya chupa kulikuwa na karatasi nene imekunjwa, akaikunjua.

Ilikuwa ile ya kupona. Ilikuwa na beseni la omena na mama anayecheka. Na usoni pote, vimistari. Viwili vitatu, kamduara, doa. Viwili vitatu, kamduara, doa. Shavu moja lilikuwa limefutiwa brashi mpaka likawa jeusi. Nilimuuliza Priscah alihisi nini. Akasema, "Alijaribia kalamu kwenye meno yangu."

Akaichukua ile karatasi, akaenda nayo kitandani. "Valary. Hii ndiyo ulikuwa umenitunzia?"

Valary aliitazama kwa muda mrefu. Angeweza kudanganya. Kwamba ni mtu mwingine, ni bahati mbaya, ni ugonjwa. Hakudanganya. Alisema, "Sikuangalia ni karatasi gani."

Wasikilizaji wapendwa, huyu ni mtu ambaye kazi yake yote duniani ilikuwa kuangalia.

Kisha akalia, akaomba ubao na karatasi mpya. "Kaa hapo, dada. Naichora upya. Naichora leo." Priscah akavuta kiti. Dishon alikuwa mlangoni, aliona kwa macho yake. Priscah akakaa, halafu akakigeuza kiti, akampa mgonjwa mgongo.

"Chora hapa," akasema. "Mgongo haukohoi."

Valary akamsihi ageuke. Akamwita mama. Hakugeuka. Basi akachora alichopewa, kwa siku alizobakiwa nazo. Priscah alikuwa akimwogesha, akimlisha, halafu anakaa kitini, mgongo. Picha ikaisha. Valary akaisaini, na wiki hiyo hiyo akafariki.

Picha hiyo ninayo hapa mbele yangu. Priscah aliileta. Ni wino mtupu kwenye karatasi nyeupe. Nywele zimefungwa kitambaa. Kifungo kimoja cha nyuma ya blauzi hakipo, pamebaki uzi. Bega la kulia liko chini kidogo ya la kushoto, kwa sababu ya miaka ya kubeba beseni. Sijui mambo ya sanaa, lakini niliiangalia mpaka chai yangu ikapoa. Hakuna mahali wembe ulipopita. Nilimuuliza Priscah, "Ni nzuri?" Akasema, "Ni nzuri kuliko zote alizochora." Nikamuuliza kama amemsamehe. Akaniomba maji ya kunywa.

Siku ya mazishi nilikuwepo. Nilimwona Priscah akijifunga leso kiunoni, akielekea jikoni, kwenye sufuria kubwa. Wanawake wakainuka wote kwa pamoja. "Pumzika, Mama Caleb," wakasema. "Leo wewe ndiye mfiwa." Ni kweli, mfiwa hapiki. Kwa mara ya kwanza walikuwa na sababu nzuri. Akarudi akakaa na sisi, na hakuna anayejua kama walimheshimu au walimwogopa, yeye mwenyewe hajui, na hatajua.

Kwa niaba ya wenzangu hapa studio, natoa pole kwa Dishon. Pole kwa ukoo wa Ogweno, Muhuru Bay. Pole kwa walimu ambao bado wanafundishia magunia ya Valary. Mungu amlaze alikojaliwa, alikuwa na mkono uliobarikiwa. Na pole kwako, Mama Caleb, najua unasikiliza. Kwako pole ni neno dogo, lakini redio haina kubwa zaidi.

Sisi tuliobaki, tufikirie. Mabango bado yapo. Nililiona moja juzi, limepauka, mishipa ya shingo bado imesimama. Priscah Apondi hakuwahi kuugua TB. Nimesema mara ya tatu. Ameshafungua nyumba yake Muhuru, na kesho atakuwa ufuoni na beseni lake la omena. Nendeni mkanunue. Sina haja ya kuwaelekeza anapokaa, wala msimuulize mtu ni mama yupi. Mtamjua.