Mama Nyanchoka na Milango ya Makanisa

Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025, Bi. Filister Nyanchoka Maranga anastaafu baada ya kuutumikia Mradi wa Afya Shuleni wa Migori na Homa Bay kwa miaka ishirini na sita. Alipoajiriwa mwaka 1999 alikuwa mwalimu wa darasa la tano huko Rangwe. Anaondoka akiwa Afisa Mkuu wa Ushirikiano wa Jamii, cheo kirefu ambacho yeye mwenyewe hukitamka haraka kama mtu anayemeza dawa chungu.

Neno hilo, ushirikiano, limechoka. Limechapishwa kwenye fulana, limebandikwa ubavuni mwa magari makubwa, limehubiriwa katika hoteli za Kisumu ambako watu waliokwisha kunywa chai mara mbili kabla ya chakula cha mchana huulizana namna ya kumfikia mwananchi, ilhali mwananchi yuko hapo nje ya lango akichoma mahindi. Sehemu kubwa ya kinachoitwa ushirikiano katika kaunti zetu ni karatasi ya mahudhurio iliyotiwa sahihi. Tunayasema haya katika jarida letu wenyewe, na mhariri akitaka kuyafuta na ayafute. Lakini huwezi kueleza alichofanya mama huyu bila kwanza kukiri walichokuwa wakifanya wengine wetu.

Yeye alianza na sabuni. Wazazi wake walikuwa Wakisii waliohamia Rangwe kuuza ndizi, kwa hiyo soko lile alilijua tangu akibebwa mgongoni. Shule za hapo zilikuwa zimefundishwa wimbo wa kunawa mikono, wimbo mzuri wenye beti nne, ila sabuni hakuna. Ofisi ilipendekeza tuandike ombi kwa wafadhili. Nyanchoka alikwenda sokoni, akawaomba wauzaji wa sabuni za mche wawe wanatoa kile kipande cha mwisho kilichopinda, ambacho wateja hukikataa, na kukitia kwenye kopo la shule. Makopo yale yanajazwa hadi leo, na hakuna mfadhili aliyewahi kuyaona. Huko Mbita, wenye boti walikubali kumvusha muuguzi hadi shule za visiwani bila nauli, kwa sharti moja tu: asiwahubirie habari za kichocho wakiwa katikati ya ziwa.

Hata hivyo, jambo litakalosimuliwa katika ofisi hii hata sisi tukiwa tumezikwa ni lile la Lwanda Rateng'. Hiyo ni shule ya msingi karibu na Muhuru Bay, jirani na ufuo ambako omena, wale dagaa wa ziwani, huanikwa juu ya nyavu. Mwezi wa Aprili 2014 mvua iliangusha vyoo vyote vya shule. Afisa wa afya ya umma alikuja, akatazama, akatoa uamuzi ambao hatukuweza kuulaumu: vyoo vipya visimame kufikia siku ya kufungua muhula wa pili, la sivyo shule isifunguliwe.

Kila mtu alielewa maana yake. Shule nyingine ilikuwa mbali, mwendo wa kumchosha mtu mzima. Wavulana wangeenda. Wasichana wa darasa la nane, waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa mwisho wa mwaka, wangebaki ufuoni kugeuza omena na kufukuza ndege, na msichana akishazoea ufuo hurudi darasani kwa nadra sana.

Mradi ulikuwa na saruji na mabati. Mawe yako mlimani, mchanga uko ziwani. Kilichokosekana ni mikono. Siku za katikati ya wiki ni za ziwa, shamba na soko, kwa hiyo zilibaki Jumamosi na Jumapili, na pale pana makanisa mawili makubwa yanayotazamana barabarani, moja la Waadventista na moja la Wakatoliki. Nyanchoka, ambaye ni Mwadventista kindakindaki, alitangaza kwamba kazi ianze Jumapili. Hakutazama kalenda. Ilikuwa Jumapili ya Matawi.

Mgeni asingelifanya kosa hilo, kwa sababu mgeni angeuliza. Ni mtu aliyelelewa kwenye Sabato tu anayeweza kuisahau Jumapili kiasi hicho. Wakatoliki waliona wamedharauliwa, na kazi ikafa kabla ya kuzaliwa.

Mkutano wa kupatana ulifanyika ufuoni, wanawake wakiwa wameketi kando ya omena zao kwa kuwa mawingu yalikuwa yakitishia. Katekista Chrispine Okari alisimama wa kwanza.

"Mama, sisi tuko na matawi mkononi, wewe unataka tushike sururu?"

Boaz Omanga, mzee wa kanisa la Waadventista, akamjibu hata kabla hajaketi. "Na nyinyi mkisema Jumamosi, si mnataka tuchimbe choo siku ya Bwana?"

Walivutana hivyo kwa muda, kila mmoja akiwa na mstari wake wa Biblia, mpaka mchuuzi wa omena anayeitwa Lynnet akauliza bila kuinua macho kutoka kwa nyavu zake, akimwita Boaz mzee kwa Kijaluo, "Jaduong' Boaz, na watoto nao wajisaidie siku gani? Jumatano?"

Hata wazee walicheka. Ndipo Nyanchoka akasema jambo ambalo warsha zote za hoteli zikikusanywa pamoja haziwezi kulizaa. Wakatoliki wafanye kazi Jumamosi. Waadventista wafanye Jumapili. Kila mtu alikuwa amelalamika kwamba shule haina hata siku moja, kumbe ilikuwa na mbili.

Ilibaki shida ya fundi, kwa maana ukuta mmoja hauwezi kuwa na mafundi wawili. Aliyepatikana ni Javan, mwashi hodari ambaye makanisa yote mawili yalikuwa yakimwombea kwa miaka mingi bila mafanikio. Sasa akawa ndiye mtu pekee wa kijiji kizima anayeruhusiwa kuwa kazini siku zote mbili. Inasemekana maombi ya kumwokoa yalisimamishwa kwa muda, kila upande ukihofia asije akaokoka upande wa pili kabla paa halijawekwa.

Wasomaji wanaweza kudhani hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Nyanchoka aliitwa na baraza la kanisa lake mjini Migori, na Boaz akaitwa kushuhudia. Wakati huo alikuwa kiongozi wa mashemasi wa kike, na shtaka lilikuwa zito: Mwadventista ameratibu kazi siku ya Sabato. Angeweza kuvuliwa wadhifa wake, na kwa mtu kama yeye hilo ni zito kuliko kupoteza mshahara. Hakupandisha sauti. "Jaduong'," alimwambia Boaz, "hawa Wakatoliki wamelima Jumamosi tangu babu zao. Mimi nimewaonyesha tu mahali pa kulima." Baraza likaahirisha uamuzi hadi jengo likamilike.

Ofisi yetu nayo ikamjia kwa upande mwingine. Ilimtaka asimamie kazi ya Jumamosi kwa macho yake na kuleta picha, la sivyo saruji isitolewe. Tuna imani moja katika kazi hii ya maendeleo, nayo tunaishika kuliko dini yoyote: kwamba watu maskini wasiposimamiwa wataiba misumari. Nyanchoka alikataa. Alisema Jumamosi atakuwa kanisani kama kawaida, na kama saruji haitoki, wataanza na mawe. Wakaanza na mawe. Ukuta ulipofika kiunoni, ofisi iliona haya, saruji ikatoka.

Kwa hiyo nusu ya vyoo vile ilijengwa bila yeye kuwapo hata mara moja. Kila Jumapili alifika na kukuta ukuta umepanda. Mwanzoni ulikuwa ushindani mtupu. Jumuiya za Wakatoliki zilijenga hadi giza likaribie, kisha zikawaandikia wenzao kwa chaki ukutani: "Mtaweza?" Waadventista walisoma, wakazidisha mistari miwili ya mawe. Lakini kufikia wiki ya pili kitu kilibadilika, na hapa ndipo kalamu hii, iliyozoea kugombana, inakosa wa kugombana naye. Watu wa Jumamosi walianza kuacha mapipa yamejazwa maji kwa ajili ya watu wa Jumapili. Watu wa Jumapili nao wakaacha mchanga umechekechwa, umefunikwa kwa nyasi usilowe, ukiwasubiri watu wa Jumamosi. Hakuna aliyewaagiza. Hawakuwa hata wakionana pale.

Siku ya kufungua shule, Jumatatu asubuhi, afisa wa afya alirudi. Kuta zilikuwa sawa, mashimo sawa, mabati yaking'aa. Ila boti iliyokuwa ikileta mbao za milango kutoka Mbita ilikuwa imezuiwa na mawimbi, na vyumba viwili vya wasichana vilikuwa wazi. Afisa alitikisa kichwa. Bila milango, alisema, msichana mkubwa hatakitumia choo hicho, na shule isiyo na choo cha wasichana ni shule isiyo na choo. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuumiza Nyanchoka, kwa sababu maneno yale alikuwa akiyafundisha yeye.

Katekista Chrispine na Mzee Boaz walikuwapo, wakiwa wameacha shughuli zao ili kushuhudia. Walitazamana, wakaondoka bila kuaga. Afisa alikuwa hajamaliza chai yake waliporejea na vijana, kila kundi limebeba mlango. Mmoja ulikuwa umeng'olewa kwenye sakristia, chumba cha padre cha kuvalia, una msalaba uliochongwa katikati. Wa pili ulitoka kwenye chumba cha mashemasi na ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeupe, "Tafadhali Nyamaza." Javan aliipachika yote miwili afisa akitazama. Shule ikafunguliwa siku hiyo hiyo.

Padre alivalia kanzu yake nyuma ya pazia hadi mbao zilipofika. Shtaka la Nyanchoka halikutajwa tena barazani. Na wasichana wote wa darasa la nane walifanya mtihani.

Tumesoma vitabu vingi kuhusu namna jamii inavyobadilika, vingine vinene vya kuzuia mlango usifungwe na upepo. Hakuna kilichotuandaa kwa mwanamke anayejenga kitu akiwa hayupo, tena kwa kukusudia. Sisi wengine hujipima kwa jinsi tunavyohitajika. Yeye alijipima kwa kipimo ambacho ni wachache kati yetu wangethubutu kukikaribia.

Mwezi Julai mwaka huu alikwenda Lwanda Rateng' kuaga. Mlinzi hakumjua. Mwalimu kijana wa zamu alimpokea kwa adabu, akamuuliza ni mzazi wa nani, kisha akamtembeza kama mgeni yeyote. Alimwonyesha jengo la pili la vyoo, jipya kabisa, lenye sehemu ya wasichana kunawia na kubadilishia, ambalo ofisi yetu haikuwa imewahi kulisikia. Nyanchoka aliuliza limejengwa na mradi gani.

"Mradi?" Kijana alishangaa. "Hii ni yetu, Mama. Wengine wanakuja Jumamosi, wengine Jumapili. Ndivyo huku tunafanya."

Hakumwambia yeye ni nani. Alimshukuru, akaomba maji ya kunawa, akaonyeshwa mahali. Dereva wetu anasema njia nzima hadi Migori mjini mama alikuwa akitabasamu peke yake, na alipoulizwa kuna nini, alijibu kwamba sasa anaweza kustaafu.

Mama Nyanchoka, asante. Tunakuombea afya, migomba inayozaa vizuri huko Rangwe, na Sabato ndefu zisizo na simu kutoka ofisini.