Redio Hukata Mteremkoni

Ndani ya gari la abiria la kwenda Mbamba Bay, redioni mwanamume alikuwa akisimulia jinsi usingizi ulivyomruka tangu amzike mkewe. Mbele ya Gaudiosa, mzee mmoja akaguna, "Mwanamume mzima kulia redioni! Ya nyumbani hayaanikwi."

"Baba, ukiyafungia ndani yanaoza," akajibu mama aliyeketi kando ya mzee huyo.

"Sisi tulizika, tukarudi kwenye shamba la kahawa."

"Na usingizi mlipata?"

Mzee akageukia dirisha. Gaudiosa hakujali ubishi wao; kwenye mteremko wa kwenda ziwani redio hukata, na kila mtu hubaki na hoja yake. Kweli, mtangazaji alipoanza kutaja namba ya simu ya mshauri wa waliofiwa, sauti ikaanza kukwaruza.

"Dereva," mzee akaita kwa upole, "hebu simama kidogo. Namba haijaisha."