Nyanda Tano za Ngwali Jaribu, Fundi Baiskeli wa Makangale

Assalamu alaykum. Shehe wetu, wazee mliokaa mbele, akina mama mlioko ndani, majirani wa Makangale na wageni mliofika kutoka Kiuyu, Shumba na Konde, familia ya Mzee Jaribu Nyange imeona kwamba kabla khitma haijafungwa tukukumbusheni huyu tuliyemzika Alkhamisi alikuwa nani, maana wengine wenu mlimjua kwa baiskeli zenu tu, na wengine, tusifichane, mlimjua kwa makovu.

Marehemu Ngwali Jaribu Nyange alizaliwa hapa hapa Makangale, siku ya Ijumaa, tarehe 4 Novemba 1966, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa Mzee Jaribu Nyange, mfanyakazi wa msitu wa Ngezi, na Bi Mwanawema Ngwali, mkulima wa mpunga na muhogo, na bibi aliyempokea alikuwa akisema mpaka anakufa kwamba mtoto huyu alitoka amekunja vidole vya mkono wa kulia kama aliyeshika breki, jambo ambalo familia hailiapii, lakini pia hailikanushi.

Alianza skuli ya msingi Januari 1974 akaimaliza Novemba 1980, na katika miaka yote hiyo hakupata kufaulu hesabu hata mara moja, na hilo tunalisema hadharani na kwa kujivuna, kwa sababu alichokuja kukifanya baadaye kiliwashinda watu wa hesabu wa kisiwa kizima, na wa ng'ambo, kama mtakavyosikia.

Tangu Machi 1981 mpaka mwisho wa mwaka 1986 marehemu alijifunza ufundi kwa Fundi Mabruki wa Konde, Mungu amrehemu naye, ambako alijua kunyoosha ringi, kupanga njiti za gurudumu na kusafisha gololi kwa mafuta ya taa, na huko walikuwa wanafunzi wawili tu, yeye na Mjaka Silima, ambaye tunaye hapa barzani leo, walikula sahani moja na wakagawana nyundo moja, kisha tarehe 2 Februari 1987 marehemu akafungua kibanda chake hapo njia panda, akiwa na pampu moja, spana tatu, na maneno mengi.

Tarehe 15 Agosti 1991, huko Kiuyu, alimuoa Bi Moza Khatib Mwalim, muuguzi mkunga, na Mungu akawajaalia watoto watatu, Mwatima aliyezaliwa tarehe 9 Julai 1993, Khatib aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1998, na Mwanamize aliyezaliwa tarehe 17 Machi 2003, wote wazima, wote wamesoma kuliko baba yao, na hakuna hata mmoja anayejua kubandika pancha ikashika.

Sasa tunafika pale ambapo historia hii inaanza khasa. Mwezi wa Machi 1996 Bi Moza alikabidhiwa kazini baiskeli mpya ya milimani, ile ya tairi nene na gia nyingi, ili awafikie wazazi katika vijiji ambavyo gari haziingii, na siku hizo baina ya Kiuyu na Shumba Viamboni hapakuwa na mkunga mwengine aliyesomea kazi ila yeye, na Bi Moza akaipanda, na watu wakatoka majumbani kumtazama mke wa mtu juu ya baiskeli, wakachoka kutazama, wakarudi ndani. Lakini tarehe 9 Mei mwaka ule, masika yamekolea na udongo umekuwa kama sabuni, alipokuwa akiteremka Kilima Kongwe, baiskeli ilinyanyua nyuma, ikamrusha juu ya usukani, akavunjika mtulinga, na kwenye kahawa marehemu akapokelewa kwa kuulizwa, "Fundi, mkeo kaota mbawa lini?"

Bi Moza akakaa miezi mitatu, mfupa ukaunga, akarudi kazini, na tarehe 22 Aprili 1997, kilima kile kile, akarushwa tena, mara hii akiwa njiani kwenda kwa mama aliyeshikwa na uchungu Shumba Viamboni, akafika kwa miguu, tope mpaka kifuani, akakuta mtoto keshazaliwa mikononi mwa jirani, mzima kwa kudra ya Mungu tu, na jioni ile akamwambia mumewe, "Leo Mungu kasitiri, siku nyengine hatositiri, kesho naandika barua, baiskeli ya watu narejesha na kazi naiacha, aje mwenye miguu."

Marehemu akamwomba siku saba. "Siku saba za nini," Bi Moza akamjibu, "na wewe fundi wa pancha?" Lakini akampa, na barua akaiweka chini ya mto bila ya kuitia saini.

Basi siku ya kwanza marehemu alilala kifudifudi sakafuni mwa kibanda chake tangu asubuhi mpaka adhuhuri, watu wakadhani kaanguka kifafa, kumbe anaitazama baiskeli kutoka chini, na pembeni yake kaweka baiskeli nyeusi ya zamani ya baba yetu Mzee Jaribu, na ndipo alipoona kwamba ule uma unaoshika gurudumu la mbele, kwenye baiskeli nyeusi umelala kama mtu aliyejinyoosha kitandani, na kwenye hii mpya umesimama wima kama askari wa gwaride, gurudumu limejificha chini ya kifua cha mpandaji, kwa hivyo penye mteremko mpandaji analipita gurudumu lake mwenyewe, na akishalipita hana pa kwenda ila chini. Akatafuta namna ya kuupima ulalo ule, na kwa kuwa hesabu haijui, akachukua nyuzi mbili, mmoja akaunyoosha kufuata shingo ya fremu ile inayobeba usukani, moja kwa moja mpaka sakafuni, wa pili akauning'iniza na jiwe kutoka kitovu cha gurudumu, na nafasi iliyobaki chini baina ya nyuzi mbili akaipima kwa vidole vyake vilivyobanwa pamoja, upana wa kidole kimoja ukiwa wanda mmoja, kama wanavyopima waunda mashua, akakuta nyanda nne, na hizo nne ndizo zilizomvunja mkewe.

Akang'oa uma, akatia mrefu zaidi uliotoka kwenye baiskeli iliyokufa, pua ya baiskeli ikapanda na gurudumu likaenda mbele, akaupasha uma moto wa vifuu, akaupinda kidogo kidogo, akafupisha mkono wa usukani, akasogeza tandiko mbele, na siku ya tatu akawa na nyanda sita, akapanda mwenyewe na gunia la mchanga kwenye keria, akateremka Kilima Kongwe kama mfalme, na alipogeuka kupanda kilima gurudumu likawa linaangukia huku na huku kama mlevi, akaishia kwenye mihogo ya Mzee Ahmada, ambaye alimwambia, "Karibu, umekuja kupalilia?" Siku ya nne, ya tano na ya sita alikuwa kwenye moto, akipunguza upana wa punje, akijaribu na gunia, akijaribu bila gunia, na siku ya saba, tarehe 29 Aprili 1997, akawa na nyanda tano kamili, akamwita Bi Moza, akamsimamisha juu ya Kilima Kongwe, mwenyewe akateremka kusimama chini katikati ya njia, mikono kaitanua kama mdaka kuku, na Bi Moza akaja, hakurushwa, hakuyumba, akawa anapiga kelele, "Ondoka njiani, baba Mwatima, nitakugonga!", na marehemu akaruka kwenye mtaro, na Bi Moza akapita, akapanda kilima cha pili bila ya kushuka, na barua ile akaiwashia jiko.

Tangu siku hiyo mpaka leo, na daftari lake lipo, Bi Moza Khatib amewafikia kwa baiskeli ile wazazi mia tisa na kumi na wawili, na wengi waliokaa kwenye mikeka hii ni kazi ya mikono yake, na hakuanguka tena, isipokuwa mara moja, nayo tutaifikia.

Sifa zikaenda, baiskeli zikaletwa kutoka Micheweni, Wete, mpaka Mkoani, hata watu wa Unguja walileta zao, ingawa Unguja hawana kilima cha kumwangusha mtu, walikuja kwa wivu tu, na mwezi wa Julai 2008 mzungu mmoja aliyekuwa akizunguka kisiwa alisimama kibandani na baiskeli nyepesi kama fimbo, akalala kifudifudi kama marehemu, akatazama nyuzi mbili, akauliza kwa lugha yake, na marehemu, ambaye Kiingereza chake kilikuwa good morning, akamjibu kwa kumnyooshea vidole vitano, na mzungu yule akateremka Kilima Kongwe mara tatu, akicheka peke yake, na alipoondoka alimpigia marehemu saluti.

Lakini wasifu wa kweli hauruki mahali. Mwaka 2001 Mjaka Silima alikuja kumuuliza mwenzake siri ya kipimo, na marehemu hakumficha, akamwambia nyanda tano, Mjaka akarudi Konde akatengeneza baiskeli kumi na moja kwa nyanda tano, na zote kumi na moja ziliteremka vizuri na zikakataa kupanda, gurudumu linaangukia huku na huku, mmoja kaingia bondeni na gunia lake la karafuu, mwengine kaingia harusini, na Mjaka akasema mbele za watu, "Ngwali kanipa kipimo cha uongo mchana kweupe," na marehemu akajibu mbele za watu hao hao, "Namba nimempa, mikono sikumpa," na kutoka hapo hawakusalimiana miaka kumi na sita, hata siku ya Idi, hata kwenye mazishi ya mwalimu wao Mabruki walishika jeneza mmoja mbele na mmoja nyuma.

Mwezi wa Februari 2017 Bi Moza alileta baiskeli yake, uma umechoka, marehemu akatia mwengine, akapima nyanda tano kama alivyopima miaka ishirini, na asubuhi ya pili Bi Moza alipokuwa akipanda kilima gurudumu likamwangukia pembeni, akaanguka, akarudi na goti linavuja damu, akamwambia, "Leo umenifanyia nini? Inanivuta kama ng'ombe." Marehemu akaapa kwamba ni tano, akapima mbele yake, tano, akapima tena, tano, na Bi Moza akawa hatazami uzi, anatazama vidole, akasema, "Lete mkono," akabonyeza kwa dole gumba nyuma ya kiganja, akaachia, na shimo likabaki pale pale halirudi, na kwa kuwa ni muuguzi alijua kabla ya daktari kwamba figo za mumewe zimeanza kushindwa, na mwili unajaa maji, na vidole vimenenepa, na ile tano si tano tena.

Marehemu hakuuliza habari za figo. Aliugeuza mkono wake juu chini, akasema, "Basi Mjaka hakuharibu," na Ijumaa ya wiki ile akampandisha Bi Moza mbele, yeye akakaa kwenye keria, baiskeli ikiyumba vilima vyote, wakaenda mpaka Konde, wakamkuta Mjaka mlangoni, na marehemu akamwambia, "Weka mkono wako hapa," wakaweka viganja viwili ubavu kwa ubavu juu ya benchi, na kila mtu aliyekuwepo akaona kwamba vidole vya Mjaka, ambaye tangu utoto alikuwa akivunja mawe ya chokaa na baba yake, ni vinene kama ndizi za mkono mmoja, na vinne vyake ni karibu sawa na vitano vya mtu mwengine, ndiyo maana tano zake zilikuwa sita.

"Miaka kumi na sita, Ngwali," Mjaka akasema, "kwa unene wa kidole?"

Marehemu akamwomba radhi mbele za watu, kama alivyomtia aibu mbele za watu, kisha wakarudi wote Makangale, wakaitafuta baiskeli ya Mwatima ambayo marehemu aliitengeneza alipokuwa mzima na haikuguswa tangu hapo, wakateremsha nyuzi mbili, na ile nafasi ya chini wakaikatia kipande cha njiti ya gurudumu, chuma, kisichovimba wala kukonda, kikabaki kwa Mjaka, na baiskeli ya Bi Moza ikarekebishwa siku ile ile na mafundi wawili wanaozozana nani ashike nyundo.

Marehemu alitibiwa hospitali ya Wete, kisha Unguja, akaenda na kurudi kwa miaka miwili na nusu, na hata alipokuwa hawezi kusimama aliwaeleza wagonjwa wa vitanda vya pembeni ulalo wa uma, wakitaka wasitake, na hali yake ilizidi kuwa nzito mwisho wa Septemba, mpaka siku ya Alkhamisi, tarehe 3 Oktoba 2019, sawa na mwezi nne Mfunguo Tano 1441, saa moja ya asubuhi, nyumbani kwake, akaitika wito wa Mola wake, akiwa na umri wa miaka hamsini na mbili na miezi kumi na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Wete na Unguja, wafanyakazi wenzake Bi Moza waliompokelea zamu bila ya kuombwa, majirani waliopika siku tatu hizi, Shehe na wanafunzi wa chuo kwa kisomo, na Fundi Mjaka Silima, aliyeingia kaburini kumpokea marehemu kwa mikono ile ile.

Na familia inatangaza, kwa wasia wake marehemu, ili fundi yeyote asije akagombana tena na mwenzake, kwamba Mwalimu Pandu, anayesomesha hesabu hapa skuli, amekipima kile chuma kwa rula, na ni sentimita tisa, andikeni.

Bi Moza yuko ndani katika eda, na akina mama wajawazito wa Kiuyu na Shumba wamekuwa wakileta salamu wakiuliza, nasi tunawajibu hapa, eda itakwisha mwezi wa pili mwakani, na Mjaka atamletea baiskeli siku hiyo asubuhi, na njia ni ile ile, anakuja.

Lala salama, Ngwali. Mungu akunyooshee njia.